Vibao vya Themanini: Soma Jalada Kwanza

Maswali yamejaa tena, na nusu ya majibu yake yameandikwa nyuma ya jalada ambalo muulizaji analo mkononi. Twende.

Nimenunua CD yenye vibao ishirini vya miaka ya themanini. Waimbaji ni walewale, lakini nyimbo zinasikika kama zimepigwa na watoto wao. Nimeibiwa? (Morogoro)

Hukuibiwa. Umeuziwa kitu ambacho hukukisoma. Nyuma ya jalada, chini kabisa, kwa herufi za kuhitaji miwani, tafuta sentensi inayosema nyimbo zimerekodiwa upya na msanii wa awali. Chanzo ni haki. Rekodi ya mwanzo kwa kawaida ni mali ya kampuni, wimbo wenyewe ni wa mtunzi. Bendi ikikosana na kampuni, au mtengeneza CD asipotaka kulipia rekodi ya asili, watu wanarudi studio miaka ishirini baadaye, koo limechoka na mpiga ngoma ni mwingine. Def Leppard walifanya hivyo hadharani mwaka 2012. Waligombana na kampuni yao kuhusu mauzo ya mtandaoni, wakarekodi upya "Pour Some Sugar on Me" na "Rock of Ages", na wao wenyewe wakaziita za kughushi. Hizo angalau zilifanywa kwa uangalifu. Za kwenye sahani za bei ya chini, mara nyingi, ni kulipua tu.

Kukagua ni hivi. Tafuta herufi P ndani ya duara: mwaka ulio pembeni yake unahusu rekodi. Herufi C ndani ya duara inahusu jalada na maandishi, isikubabaishe. Kibao cha 1984 chenye P ya 2003 kinatia shaka, ingawa huo si ushahidi kamili, kwa sababu mkusanyiko mzima unaweza kupewa P mpya. Ndiyo maana hatua ya pili ni saa: linganisha urefu wa wimbo na wa rekodi ya asili. Tofauti ya sekunde mbili tatu si kitu. Sekunde kumi na tano maana yake ni rekodi nyingine au toleo jingine, na matoleo halali ni mengi kuliko mnavyodhani. "Money for Nothing" ya Dire Straits (1985) ni dakika 8:26 kwenye CD na 7:04 kwenye santuri, kwa kuwa santuri haikuwa na nafasi ya kutosha. "Blue Monday" ya New Order ya 1983 ni 7:29, na ile fupi ya 1988 ni kazi nyingine kabisa. Mtego mkubwa ni "Take On Me" ya a-ha. Toleo la 1984, lililosimamiwa na Tony Mansfield, halikuuza. Lile ambalo dunia nzima inalijua lilirekodiwa upya chini ya Alan Tarney na kutoka 1985. Anayekutana na lile la 1984 hudhani ameuziwa feki, kumbe ameshika kitu adimu.

Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar kweli? Na ile "Bismillah" kwenye "Bohemian Rhapsody" ya bendi yake, Queen, ni Kiswahili?

Ndiyo, tarehe 5 Septemba 1946. Hapana, ni Kiarabu. Na wimbo huo ni wa 1975, safu hii ni ya themanini.

Tunasikia Kiswahili kwenye nyimbo za Michael Jackson na Lionel Richie. Nani aliwafundisha? (Kisauni, Mombasa)

Swali hili huja kila mwezi likiwa limechanganya nyimbo tatu, kwa hiyo tuzitenganishe mara moja.

"All Night Long" ya Lionel Richie (1983) ina "jambo" yake, ni kweli. Hayo mengine yanayoizunguka si lugha yoyote. Richie mwenyewe amesema aliyabuni. Msitafute tafsiri, wala msimlazimishe babu atafsiri.

"Wanna Be Startin' Somethin'" ya Michael Jackson, kwenye albamu ya Thriller (1982), wengi wanaisikia "mama kosa" na kuanza kutafuta kosa la mama. Ni makossa, mtindo wa Douala, Kameruni, na kiitikio kinatokana na "Soul Makossa" ya Manu Dibango ya 1972. Dibango hakuombwa ruhusa, akadai, wakamalizana nje ya mahakama. Miaka ishirini na tano baada ya Thriller, Rihanna alikitumia kiitikio kilekile, na mzee Dibango akaingia tena mahakamani.

Kiswahili chenyewe kipo kwenye "Liberian Girl", albamu ya Bad, 1987. Sauti ya kike ya mwanzo ni ya Letta Mbulu, na aliyepanga maneno ni Caiphus Semenya. Wote wawili ni wa Afrika Kusini, ambako Kiswahili si lugha ya nyumbani, na wimbo unamhusu binti wa Liberia, ambako hakizungumzwi kabisa. Jalada limeandika "Naku penda piya, naku taka piya, mpenziwe". Hiyo "piya" na viambishi vilivyokatwa tuvisamehe. "Mpenziwe" ndiyo yenye utamu. Kwa maandishi ni sawa na mkewe au mumewe, yaani mpenzi wake, na hapo mwimbaji anamwambia mtu "nakupenda" huku akimtaja mpenzi wa mtu mwingine. Sasa weka jalada chini usikilize kwa sikio la mtu wa pwani: "mpenzi wee". Hakuna kosa, na taarabu imejaa miito kama hiyo. Kwa sikio langu, kosa ni la aliyeandika, mwimbaji hana lake. Hapa ndipo pekee nitakaporuhusu sikio lilishinde jalada.

Na kwa kuwa tumefika: usiku wa kurekodi "We Are the World", Januari 1985, Stevie Wonder alipendekeza kuwekwe maneno ya Kiswahili. Waylon Jennings, mwimbaji wa kantri, akatoka studio. Bob Geldof akawakumbusha kwamba wimbo ni wa njaa ya Ethiopia, na Waethiopia hawasemi Kiswahili. Wamarekani wa enzi hizo walikuwa na Afrika moja yenye lugha moja, na ikatokea lugha hiyo ni yetu. Tusijisifu sana kwa hilo.

Wanaotaka Kiswahili chenye maana wasome majina ya wapigaji wa "Billie Jean". Ngoma ni za Leon "Ndugu" Chancler. Jina lile ni la zama za kundi la Herbie Hancock mwanzoni mwa miaka ya sabini, mpiga kinanda wa jazi, ambamo Hancock alijiita Mwandishi, Buster Williams akawa Mchezaji na Eddie Henderson akawa Mganga. Hao walijua wanachokisema.

Ni kweli Phil Collins aliona mtu akizama, ndipo akatunga "In the Air Tonight"?

Hapana. Ni talaka yake. Swali hili lisirudi.

Natengeneza muziki kwa kompyuta. Naweka mwangwi mkubwa kwenye ngoma nipate zile za Phil Collins, napata kelele za kanisani. (Arusha)

Kwa sababu umeweka nusu ya kazi. Sauti ile ni mwangwi mkubwa uliokatwa ghafla. Ilipatikana kwenye studio za Townhouse, London, wakati wa kurekodi albamu ya tatu ya Peter Gabriel, iliyotoka 1980. Meza ya kuchanganyia sauti ya SSL ilikuwa na maikrofoni ya kusikilizia wanamuziki walioko chumbani, yenye kompresa (kifaa kinachobana tofauti ya sauti kubwa na ndogo) kali mno. Collins akapiga ngoma maikrofoni hiyo ikiwa wazi, na fundi Hugh Padgham akaongeza geti, kifaa kinachokata sauti ikishashuka, nyuma yake. Mwaka uliofuata sauti hiyo ikaingia kwenye "In the Air Tonight".

Fanya hivi. Tuma snea na tomu kwenye mwangwi wa chumba wenye mkia wa sekunde 1.5 hadi 2. Baada ya mwangwi weka kompresa, uwiano 10:1 au zaidi, ibane hadi mkia uwe na nguvu karibu sawa na pigo. Kisha geti. Geti ifunguliwe na ngoma kavu, isiyo na mwangwi, kupitia saidicheni, yaani njia ya kuiongoza geti kwa sauti nyingine. Ukiiacha ijifungue kwa mwangwi wenyewe, itasitasita na kukatakata. Iache wazi kwa milisekunde 200 hadi 300, halafu ifunge ndani ya 30. Kipimo kinategemea kasi ya wimbo: kwa mapigo 95 kwa dakika, nusu ya pigo ni milisekunde 316, na mkia ukipita hapo unakanyaga noti inayofuata. Hapo ndipo tope linapoanzia.

Kosa la pili ni matoazi. Gabriel aliyapiga marufuku kwenye albamu ile, na kiufundi ilisaidia: toazi linalia muda mrefu, kompresa inalivuta juu, geti inalikata katikati, unapata mshindo wa kopo. Kama ngoma zako zina matoazi, tuma mkondo wa snea na tomu peke yake. Besi dramu iache kavu. Na usiiweke wimbo mzima. Kwenye "In the Air Tonight" mashine ya ngoma ya Roland CR-78 inatembea peke yake zaidi ya dakika tatu na nusu kabla ngoma za mkono hazijaanguka, na anguko linatisha kwa sababu ya kimya kile. Wazalishaji wetu wa leo wanaanguka tangu sekunde ya kwanza.

Mimi ni dijei wa harusi. Bibi harusi anataka "Every Breath You Take" wakati wa kuingia ukumbini. Nipige?

Mwonye kwanza. Ni mwanamume aliyeachwa, anamfuatilia mwanamke kila hatua, na Sting, mtunzi wake, haufichi ukweli huo. Akishasikia na bado anautaka, ni harusi yake. Kama anataka wa enzi hizo wenye heri, mpe "Nothing's Gonna Stop Us Now" ya Starship, 1987.

Toto kwenye wimbo wao "Africa" wanasema Kilimanjaro unaonekana juu ya Serengeti. Mbona mimi sikuuona? (Musoma)

Kwa sababu kati ya hifadhi na mlima kuna zaidi ya kilomita 200. David Paich alipoandika maneno yale alikuwa hajakanyaga Afrika. Ukitaka mlima wenye tembo mbele yake, nenda Amboseli, upande wa Kenya. Wimbo usihukumiwe kwa jiografia, hukumu mapigo yake: Jeff Porcaro na Lenny Castro walipiga kwa dakika kadhaa, wakachagua baa mbili bora, utepe ukakatwa na kuungwa kuwa kitanzi kinachozunguka. Kile kinachosikika kama marimba ni kinanda cha Yamaha GS-1.

Kaseti zangu za zamani zimefifia, zinalia kama ziko ndani ya blanketi. Nizitupe? (Bukoba)

Usitupe kitu kabla ya kusafisha hedi, kile kipande cha chuma kinachosoma utepe. Pamba ya kijiti, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua hadi pamba itoke nyeupe. Spiriti nyingine za dukani zina mafuta au rangi, acha. Gurudumu la mpira linalovuta utepe lisafishwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, maana spiriti hukausha mpira ukapasuka.

Bado inafifia? Chungulia ndani ya kaseti: kuna kipande kidogo cha sponji kinachokandamiza utepe kwenye hedi. Gundi ikizeeka hudondoka. Chukua cha kaseti isiyo na thamani, ukihamishe. Kama kipo, tatizo ni pembe ya hedi. Ile skrubu yenye springi pembeni ya hedi, izungushe kidogo sana, chini ya robo mzunguko, huku ukisikiliza matoazi. Yatachomoza ghafla. Weka alama ya mwanzo kwa kalamu, kwa sababu kaseti nyingine imerekodiwa na mashine yenye pembe tofauti na utahitaji kurudi.

Sauti ikiwa nzito na ya kuburuta, pima. "Billie Jean" ya kwenye albamu ni 4:54. Ikimalizika kwa 5:09, mashine iko nyuma kwa asilimia tano hivi, karibu nusu toni, na mpira wa mota umelegea. Pima kwa kaseti ya kiwandani, kwani huenda aliyekurekodia dukani mwaka 1986 ndiye mwenye mashine mbovu. Na zile za C120, za dakika 120, zicheze mara moja tu, uzihamishie kwenye kompyuta. Utepe wake ni mwembamba, unavutika na kumezwa.

Nani hasa aliimba sauti nene ya Boney M.?

Frank Farian, mtayarishaji, studio. Bobby Farrell alicheza dansi jukwaani. Na "Jambo" yao ya 1983 ni ya Them Mushrooms wa Mombasa, iliyotungwa na Teddy Kalanda Harrison. Mnaoiandika kwenye fleshi zenu "Boney M. original" mnajua mnachokifanya.

Muuza nyimbo amenijazia fleshi ya 320. Mbona matoazi yanasikika kama mchanga?

Kwa sababu zilikuwa za kilobiti 128 kwa sekunde, akazigeuza kuwa 320. Faili limenenepa, sauti haijarudi. Fungua wimbo kwenye programu ya Audacity, chagua mwonekano wa spektra: ukiona umekatwa sawasawa karibu na kilohezi 16 kama ukuta, mrudishie fleshi yake.