Kabla ya kuamini kipimo, uliza ni kiasi gani cha metali kilichopimwa

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kupima mkazo uliobaki, yaani nguvu za kuvuta na kubana zinazosalia ndani ya metali hata isiposhikwa na kitu, katika bamba la feleji lililochomelewa, nilirudi na majibu mawili yanayopingana. Mashine ya eksirei ya maabara ilionyesha kwamba metali iliyo kando ya mshono imebanwa; mwali wa nyutroni, chembe za kiini cha atomi zisizo na chaji, ulionyesha kwamba metali ileile, mahali palepale, inavutwa. Nilitumia karibu wiki mbili kutafuta kosa katika hesabu, na kosa halikuwapo. Eksirei za mashine nyingi za maabara hupenya feleji kwa mikromita chache tu, kwa hiyo nilikuwa nimepima ngozi ya bamba, ambayo fundi alikuwa ameisafisha kwa kuipiga mchanga kabla ya kunikabidhi, na kupiga mchanga huiacha ngozi ya metali ikiwa imebanwa. Nyutroni zilikuwa zimesoma tumboni. Tangu hapo, mtu akiniomba ushauri kuhusu mbinu hizi, humuuliza kwanza jibu lake litatoka katika kiasi gani cha metali. Jina la mashine huja baadaye.

Msingi wa vipimo hivi haujabadilika tangu Lawrence Bragg alipoueleza mwaka 1912, mwaka uleule ambao Max von Laue na wenzake walionyesha kwamba fuwele hutawanya eksirei kwa mpangilio maalumu. Matabaka ya atomi ndani ya fuwele ndiyo rula yetu. Metali ikivutwa, matabaka huachana kidogo, na kilele cha miale iliyotawanywa, yaani pembe inakotoka kwa wingi zaidi, husogea kuelekea pembe ndogo zaidi. Kusogea huko ni kudogo mno: umbali ukibadilika kwa sehemu moja kati ya elfu kumi, feleji iliyovutwa upande mmoja tu inabeba mkazo wa takriban megapaskali 21. Mtu anayetaka kujua kama mshono utapasuka anahitaji usahihi wa kiwango hicho au bora zaidi.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, nami nilijikwaa. Ili kujua matabaka yamevutwa kiasi gani, sharti ujue yanakaa umbali gani yasipokuwa na mkazo wowote, na umbali huo hauchukuliwi kitabuni. Joto la kuchomelea hubadilisha metali yenyewe: kaboni na vichanganyio vingine huingia ndani ya fuwele au hujitenga nazo, hivyo umbali wa asili ndani ya mshono huwa tofauti na ule wa bamba ambalo joto halikulifikia. Mimi nilipima umbali huo wa asili, tunaouita rejea, mahali pamoja, kwenye pembe ya bamba, nikaitumia kote. Ukipima pande tatu na kukokotoa mkazo kwa kanuni ya kawaida, kosa la sehemu moja kati ya elfu kumi katika rejea huzaa zaidi ya megapaskali 50 za uongo katika kila upande, yaani mara mbili na nusu ya zile 21, kwa sababu pande zote tatu hukosea pamoja. Mchoro wangu ulionyesha bamba zima likivutwa, bila sehemu yoyote iliyobanwa ya kusawazisha. Hilo haliwezekani katika kipande kilicholala mezani bila kushikwa na kitu: ukikikata kwa mawazo, nguvu za kuvuta na za kubana katika uso mzima wa mkato lazima zifutane. Ukaguzi huo hauhitaji mashine yoyote, na ningeufanya usiku uleule ningejiokoa na aibu ya kuwasilisha mchoro ule.

Dawa yake ni kipande pacha, kilichochomelewa na fundi yuleyule kwa mkondo uleule wa umeme. Hukatwa kwa waya wa cheche za umeme kiwe kama kitana chenye meno ya milimita tatu hivi. Kila jino likishakuwa huru hupoteza sehemu kubwa ya mkazo, lakini kemia yake hubaki ileile ya mahali lilipotoka, nawe unapima rejea jino kwa jino. Kazi hiyo hula muda wa mwali, yaani saa unazopewa kwenye kituo cha nyutroni, na wapo wanaoiona hasara. Mimi niko radhi kupunguza nusu ya nukta za kipimo kuliko kuiacha.

Nyutroni nazo, pamoja na uwezo wao wa kupenya sentimita kadhaa za feleji, zina matata yake. Jibu lao ni wastani wa mchemraba mdogo ambao mara nyingi una upande wa milimita mbili hadi nne. Chukua mchemraba wa milimita tatu ndani ya feleji ambayo punje zake za fuwele zina upana wa mikromita 50: humo mna punje zaidi ya laki mbili, na ingawa ni sehemu ndogo tu yake iliyokaa kwa mwelekeo unaofaa kutawanya miale kuelekea kwenye kitambuzi, bado wastani una maana. Sasa weka mchemraba uleule ndani ya kitu cha kusubu chenye punje za milimita moja. Zimebaki punje zisizozidi 30, na huenda hakuna hata moja inayoelekea kunakotakiwa. Nimeshuhudia mtu akiongeza muda wa kipimo kutoka dakika kumi hadi saa nzima akidhani mwali ni dhaifu, ilhali hapakuwa na punje ya kumjibu. Kuizungusha sampuli huku na huku kwa pembe ya nyuzi chache wakati kipimo kikiendelea husaidia, lakini ni heri kujua ukubwa wa punje kabla ya kusafiri, na hadubini ya kawaida pamoja na msasa na asidi hutosha kwa hilo.

Kuhusu mashine ya eksirei ya maabara nitasema machache. Bomba la shaba, yaani lile ambalo eksirei zake hutolewa na shaba, halifai kwa feleji, kwa kuwa miale yake ina nguvu ya kutosha kuamsha atomi za chuma zing'ae zenyewe, na vilele vyako huzama katika mng'ao huo. Tumia bomba la kobalti, au la kromi kwa vipimo vya mkazo. Tena chunguza kishikio cha sampuli. Niliwahi kushangilia vilele vikali vilivyonyooka, kumbe vilikuwa vya alumini ya kishikio. Wanaotumia nyutroni huweka unga wa sampuli ndani ya kopo la vanadi kwa sababu hiyo, kwani vanadi karibu haitoi vilele kabisa.

Mtawanyo wa pembe ndogo, yaani kusoma miale inayopinda kidogo tu ikipita ndani ya sampuli, ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayodanganya kwa upole zaidi. Hutumika kupima mashapo, yaani chembe za nanomita chache zilizojitenga ndani ya metali, yanayoipa aloi ya alumini ugumu wake, na hutoa ukubwa wa wastani pamoja na kiasi chake, tena wakati sampuli inapashwa joto. Kisichotoka humo ni utambulisho. Tundu tupu na shapo lenye umbo lilelile vinaweza kutoa mchoro unaofanana, kwa sababu kinachoonekana ni tofauti tu kati ya kitu na kinachokizunguka. Kwa hiyo sikubali mchoro wa pembe ndogo usio na picha ya hadubini ya elektroni pembeni yake. Wala sikubali picha peke yake. Eneo la mikromita kumi kwa kumi katika utando wenye unene wa nanomita 100 ni ujazo wa mikromita kumi za ujazo, ilhali mwali wa eksirei wa nusu milimita unaopita katika kipande chenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita husoma ujazo unaozidi huo zaidi ya mara milioni mbili. Picha hukuambia kitu hicho ni nini, na mwali hukuambia kipo kwa wingi gani. Anayeleta picha moja nzuri humuuliza alipiga ngapi kabla ya kuichagua.

Katika tomografia, yaani kujenga picha ya ndani ya kipande kutokana na picha nyingi za eksirei zilizopigwa kutoka pande mbalimbali, kasoro ya wengi ni tamaa ya kuona kipande kizima. Kamera yenye pikseli 2,048 kwa upana, ukitaka kila pikseli iwe mikromita moja, huona upana wa milimita mbili tu. Ukiweka kipande cha sentimita mbili chote ndani ya picha, kila pikseli inakuwa mikromita kumi, na ufa wa mikromita moja unapotea. Zaidi ya hapo, ufa wa uchovu wa metali hujifunga mzigo unapoondolewa, kwa hiyo tumepata kutangaza kipande kuwa kizima, kisha tukakipiga picha upya kikiwa kimevutwa ndani ya mashine, ufa ukajitokeza umeingia hadi katikati. Kama swali lako linahusu nyufa, omba kifaa cha kuvuta sampuli tangu siku ya kuandika andiko la maombi ya muda wa mwali.

Katika andiko hilo, orodhesha kila elementi iliyomo ndani ya sampuli. Vituo vya nyutroni, kama Institut Laue-Langevin mjini Grenoble au ISIS nchini Uingereza, huuliza jambo hili kwa sababu nzuri. Kobalti ikipigwa na nyutroni hugeuka kobalti-60, ambayo ni nururifu na nusu-uhai yake, yaani muda wa mnururisho wake kupungua kwa nusu, ni miaka 5.27. Sampuli yangu moja ya aloi ngumu yenye kobalti ilizuiliwa huko baada ya kipimo, na uchunguzi wa hadubini niliokuwa nimeipangia ukaishia kufanyiwa pacha yake, ambayo nilikuwa nimeiacha kwenye droo kwa sababu tu haikutosha katika sanduku.