Maswali na majibu: Lammas, Lughnasadh na Jumapili ya mavuno

Maswali mengi ya wasomaji safari hii yanazunguka jambo moja: je, sherehe za mavuno tulizozipokea kwa wamisionari ni za Kikristo kwa asili, au ni za kipagani zilizovikwa kanzu? Nimeanza na yale yanayohusu Uingereza na Ayalandi, kwa kuwa ndiko madai mengi yanayosambazwa yanakotoka.

Lughnasadh na Lammas ni sikukuu moja yenye majina mawili?

Hapana, ingawa zote mbili huangukia tarehe 1 Agosti. Lughnasadh ni ya Ayalandi, na ni mojawapo ya siku nne zilizogawa mwaka wa huko, pamoja na Samhain (1 Novemba), Imbolc (1 Februari) na Beltaine (1 Mei). Jina lake linatokana na Lugh, mungu wa kale wa Waayalandi, ambaye masimulizi ya kale yanasema alianzisha mashindano ya Tailtin, katika Kaunti ya Meath ya leo, ili kumwomboleza mama yake mlezi, Tailtiu, aliyekufa kwa uchovu baada ya kufyeka msitu ili watu wapate pa kulima. Ikumbukwe kwamba masimulizi hayo yaliandikwa na Wakristo, karne nyingi baada ya Lugh kuacha kuabudiwa. Hatuna hata ukurasa mmoja wa mpagani aliyeshiriki. Mkutano huo wa Tailtin uliendelea kuitishwa na wafalme Wakristo, akiwamo Ruaidrí Ua Conchobair mwaka 1168. Lammas, kwa upande wake, ni ya Waingereza: ni siku ya kupeleka kanisani mkate wa ngano mpya ili ubarikiwe, nayo inatajwa katika maandishi ya Kiingereza cha kale kabla ya mwaka 1000.

Nimesoma kwamba Kanisa liliichukua Lughnasadh na kuipa jina la Lammas. Ushahidi upo?

Wanaodai hivyo hutegemea barua ya Papa Gregori Mkuu ya mwaka 601, iliyohifadhiwa na Beda, mtawa na mwanahistoria wa Uingereza, ambamo aliagiza kwamba mahekalu ya Waingereza yasibomolewe bali yatakaswe, na kwamba watu waliozoea kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mizimu waruhusiwe kuchinja na kula kwa kumshukuru Mungu. Barua hiyo ni ya kweli na ina uzito mkubwa, lakini haitaji tarehe 1 Agosti, haitaji mkate, wala haiwahusu Waayalandi, ambao ndio waliokuwa na Lughnasadh. Beda huyo huyo, akiandika mwaka 725 kuhusu kalenda ya mababu zake wapagani, anasema kwamba mwezi wa ibada kwao ulikuwa Septemba, si Agosti.

Upande wa pili, desturi ya kutoa malimbuko imo katika Biblia waziwazi (Mambo ya Walawi 23:10), na makanisa ya Mashariki, ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na Lugh, hubariki zabibu za kwanza siku ya Kugeuka Sura kwa Yesu, tarehe 6 Agosti. Mazao yanapoiva, watu wa dini yoyote hushukuru, na kwa sababu hiyo kufanana kwa tarehe peke yake hakuthibitishi kwamba mmoja amemwiga mwenzake.

Hata hivyo, nisingependa msomaji aondoke akidhani kwamba Lammas ilikuwa ibada safi ya altareni tu. Andiko moja la Kiingereza cha kale linaelekeza kwamba mkate uliobarikiwa siku hiyo umegwe vipande vinne na kufikichwa kwenye pembe nne za ghala, ili nafaka ilindwe. Aliyefanya hivyo alikuwa Mkristo, mkate wake ulitoka kanisani, na bado alichokifanya ghalani kinafanana sana na kago, yaani kinga ya kiganga. Mimi naona hapo ndipo penye historia yenyewe: mkulima hakugawa maisha yake katika mafungu mawili kama tunavyofanya tunapobishana leo.

Je, hija ya Croagh Patrick ni mabaki ya Lughnasadh?

Huenda ikawa. Jumapili ya mwisho ya Julai, maelfu ya Wakatoliki hupanda mlima huo wa mita 764 katika Kaunti ya Mayo, baadhi yao miguu mitupu, mahali ambapo mapokeo yanasema Mtakatifu Patrisi alifunga siku 40. Mtafiti Máire MacNeill, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alilinganisha mikusanyiko mingi ya majira hayo kwenye vilima na chemchemi za Ayalandi, akahitimisha kwamba chanzo chake ni sikukuu ya kale. Kuhusu majira na mahali, hoja yake ina nguvu. Kuhusu kile ambacho watu wa kale walikifanya huko juu ni dhaifu zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushahidi wake ni kumbukumbu za wakulima wa siku za karibuni.

Na yule mwanasesere ambaye wavunaji wa Ulaya walimtengeneza kwa mabua ya mganda wa mwisho, si mungu wa nafaka?

Ndivyo alivyofikiri mtafiti wa mila Wilhelm Mannhardt nchini Ujerumani, na mwanaanthropolojia James Frazer akaieneza fikra hiyo kuanzia mwaka 1890: kwamba roho ya nafaka hukimbilia kwenye mabua yanayobaki, na wavunaji huitunza hadi msimu ujao. Wanahistoria wa sasa wanasita kulikubali hilo, maana wavunaji wenyewe hawakusema hivyo. Huko Uskoti mganda huo uliitwa Cailleach, yaani Bibi Kizee, na aliyekuwa wa mwisho kumaliza kuvuna ndiye aliyebebeshwa aibu ya kumlisha Bibi Kizee mwaka mzima. Kwa jicho langu huo ni utani wa kuwahimiza wavivu kuliko ibada.

Wapagani wa leo wanaosherehekea Lughnasadh wameipokea kutoka kwa nani?

Kutoka vitabuni. Wika, dini yao ya kisasa, ilijulikana hadharani miaka ya 1950 kupitia Gerald Gardner, na mzunguko wake wa sikukuu nane ulikamilika mwishoni mwa muongo huo. Jina la Mabon, wanaloliita sikukuu ya Septemba, lilitolewa na mwenzao Aidan Kelly miaka ya 1970. Upya huo hauifanyi dini yao kuwa ya uongo, ila dai la kurithishana bila kukatika halina msingi.

Shikamoo Mwalimu. Kijana mmoja wa kwaya anasema Jumapili ya mavuno usharikani kwetu, pamoja na mnada wake wa kuku na mikungu ya ndizi, ni upagani wa Ulaya. Tumjibu nini?

Marahaba. Ibada hiyo katika sura yake ya Kianglikana ni changa kuliko anavyodhani: mwaka 1843 kasisi Robert Stephen Hawker wa Morwenstow, Cornwall, aliwaalika waumini wake wapokee Ushirika kwa mkate wa ngano mpya, na desturi ikaenea hata Kanisa la Uingereza likaidhinisha utaratibu wa ibada mwaka 1862. Walutheri walikuwa na yao ya Kijerumani, iliyofanyika karibu na siku ya Mikaeli, tarehe 29 Septemba. Wote walisoma Kutoka 23:16 na Kumbukumbu la Torati 26, ambamo kapu la malimbuko huwekwa mbele ya madhabahu. Mnada umezaliwa na mahitaji ya kawaida, kwa sababu sadaka ya mbuzi haiingii kwenye kapu, na paa la kanisa halilipiwi kwa ndizi; Lugh hakuhusika. Kijana huyo akitaka kweli kuchunguza ibada za kale za malimbuko, awaulize kwanza wazee wa ukoo wake. Na kama usharika wenu bado unafuata tarehe ya Ulaya wakati mahindi yenu huvunwa Juni na Julai, hilo ndilo ningelipeleka kwenye baraza la wazee.