Maswali kwa Fundi: Bastola isiyokwama na bastola yenye bei, ni ileile?

*Shikamoo fundi. Mi na shemeji yangu tunabishana sasa mwezi wa pili. Mimi nina Glock 19 niliinunua mpya, yeye ana 1911 ya chuma aliachiwa na baba yake. Anasema yangu ni plastiki, miaka kumi ijayo hakuna wa kuitaka. Mi namwambia yake kila tukienda shabaha lazima ikwame mara mbili tatu kwa boksi moja la risasi 50. Tuamulie, ipi ya kuaminika, na ipi nikija kuuza haitanitupa?*

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hayo ni maswali mawili na nyie mmeyafanya moja, ndo maana ubishi hauishi. Bastola kutokukwama ni kazi ya springi, magazini (kile kiboksi kinachobeba risasi), risasi na mkono wa mwenye nayo. Bei ya kuuzia ni kazi ya watu wangapi wanaitaka na vipuri vinapatikana vipi. Saa nyingine vinakaa pamoja, saa nyingine haviko pamoja kabisa.

Tuanze na ya shemeji maana naona mmeionea. Ile 1911 ni kazi ya John Browning, na kabla jeshi la Marekani halijaipokea mwaka huohuo wa 1911 walipiga risasi 6,000 kwa bastola moja na haikukwama hata mara moja. Wenye 1911 wote wanaipenda hiyo hadithi ila wanaisimulia nusu. Kwenye jaribio lile walikuwa wanaipumzisha ipoe, wakati mwingine wanaichovya kwenye maji, na kila baada ya risasi 1,000 inasafishwa inapakwa mafuta. Sasa muulize shemeji, tangu baba aiache hiyo springi ya slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma ukipiga, imebadilishwa lini?

Nakwambia hivi kwa sababu nimeletewa 1911 ya aina hiyo hapa mezani, mwenyewe ameshakata tamaa anataka kuiuza kwa bei yoyote, anasema ina laana. Nikamwambia lete magazini zote, akaleta tatu. Nikachukua kalamu nikaziandika 1, 2 na 3 kwenye kitako, tukaenda kupiga. Namba 1 safi, namba 3 safi, namba 2 risasi ya tatu tu inanyanyua pua juu inagonga ukingo wa chemba, tundu risasi inapokaa kabla ya kupigwa, na kusimama pale. Nikaishika namba 2 kwenye mwanga, midomo yake juu pale inapobana risasi, upande mmoja umefunguka kidogo sana, ukipitisha ukucha unausikia kabla hujauona. Bastola haikuwa na shida yoyote! Magazini moja iliyowahi kudondoshwa kwenye sakafu ilikuwa inamchafulia jina bastola nzima. Kwaiyo kabla hamjaihukumu ya shemeji ziwekeni namba magazini zake, kila ikikwama andikeni ni namba ngapi na imekwama vipi. Mkifika risasi 200 hilo daftari litawaambia zaidi yangu.

Na jambo lingine la 1911, ilibuniwa kulishwa risasi ya kichwa cha mviringo. Nyingi za zamani ukiziwekea zile za kichwa chenye shimo zinasitasita kwenye njia ya kupanda chemba. Huo siuiti ubovu, ni chakula ambacho haikutengenezewa.

Turudi kwako. Glock ni ya Austria, jeshi lao liliipokea Glock 17 mwaka 1982, 19 yako ikafuata 1988. Vipande ni vichache, kama 34, na hapo ndipo uaminifu wake ulipo, hakuna vingi vya kuharibika na chochote kikichoka unabadilisha mwenyewe mezani bila kupiga tupa. Lakini na yenyewe ina masharti. Ni nyepesi, na bastola nyepesi ukiishika kiganja kikalegea slaidi hairudi nyuma yote, ganda linabaki limesimama wima kwenye tundu kama bomba la moshi, na mtu anasema bastola mbovu. Nimeona mzee mmoja mkono wake unauma anakwama kila risasi ya pili au ya tatu, akamkabidhi mwanaye bastola ileile na magazini ileile, akamaliza boksi lote bila shida.

Kwenye bei sasa. Shemeji kusema plastiki haitakuwa na bei, hapo namkatalia moja kwa moja. Glock iliyotumika inauzika haraka kwa sababu mnunuzi anajua atapata magazini, atapata springi, atapata ala, na polisi wa nchi nyingi wanazitumia. Ila haipandi bei, maana mpya zipo tele, na mpya ikiwepo dukani ya mtumba lazima ikae chini yake. Ya shemeji ni hadithi nyingine. 1911 zimetengenezwa na viwanda vingi mno, kwaiyo neno 1911 peke yake halina bei. Kama ni ya kiwanda kinachoheshimika, vipande vyake ni vya asili, rangi ni ya kiwandani na baba aliacha na karatasi zake, inaweza ikakushinda mbali. Kama imekatwakatwa na kubadilishwa saiti na triga na mtu asiyejulikana, basi utashangaa inavyoshuka.

Jibu langu kwa ufupi, ya kutegemea leo ni yako, ya kutunza ni yake, na asiiuze kabla hajajua ni 1911 ya aina gani.

*Fundi habari. Marehemu mume wangu ameacha Browning Hi-Power, inafanya kazi ila rangi imekwisha kwenye kona na upande mmoja ina madoa ya kutu. Kijana mmoja ameniambia tuipeleke ikapakwe rangi upya na kung'arishwa ndo tuiuze kwa bei nzuri. Naomba ushauri kabla sijampa.*

Pole sana dada, na nashukuru umeuliza kabla. Usimpe.

Hi-Power aliianza Browning huyohuyo, akafariki 1926 kabla haijaisha, Dieudonné Saive akaimalizia na ikatoka mwaka 1935. Imebebwa na majeshi ya nchi zaidi ya 50. Kiwanda cha FN kilipotangaza mwaka 2018 kwamba hakitengenezi tena, watu wakaanza kuzitafuta, na hata baada ya FN kutoa mpya yenye jina hilo 2022, hiyo mpya ndani imebadilishwa sana, siyo ileile. Mnunuzi anayetafuta ya zamani anatafuta ya zamani kwelikweli. Ile kona iliyokwisha rangi kwa kuingia na kutoka kwenye ala kwake ni ushahidi kwamba haijaguswa. Ukiing'arisha, herufi zilizochongwa zinafifia kingo, kona kali zinakuwa duara, mihuri ya ukaguzi inakaribia kufutika, na mwenye jicho anaona akiwa bado hajaishika. Hapo amekupunguzia pesa na wewe umelipa gharama ya kupunguziwa.

Cha kufanya ni kidogo tu. Kutu ile ya juujuu paka mafuta ya bunduki, acha ilowe, kisha futa taratibu na kitambaa. Usitumie msasa wala steluwaya ya jikoni. Alafu angalia ilikuwa inatunzwa wapi, maana nahisi ilikaa ndani ya ala ya ngozi kabatini. Ngozi inanyonya unyevu na ina kemikali za kiwanda cha ngozi, bastola ikilala humo miezi upande uliogusana nayo unaliwa. Madoa yakiwa upande mmoja tu kama ulivyosema, mara nyingi ni hilo. Itoe humo leo, ila ala yenyewe usiitupe. Tafuta kila kitu kilichokuja nayo, boksi, kijitabu, magazini ya pili, risiti ya zamani, hata bahasha. Vitu hivyo vinaongeza bei kuliko rangi yoyote.

Ila kabla ya yote hayo dada yangu, silaha ya marehemu haiwi yako kwa kukaa nyumbani tu. Leseni ilikuwa ya jina lake. Ripoti kwa mamlaka inayosimamia silaha pale unapoishi, waambie ipo, wakuelekeze kama unaihamisha, unaikabidhi au unaiuza kupitia muuzaji mwenye kibali. Usimuuzie mtu mkononi hata akiwa ndugu, na huyo kijana asiondoke nayo hata kwa siku moja. Na kabla hujaishika kuifuta, mwite mwenye leseni anayejua aihakikishe haina risasi, magazini inatoka kwanza, ndo slaidi inavutwa, chemba inaangaliwa kwa jicho na kupapaswa kwa kidole. Mpangilio huo haugeuzwi. Ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, ukiiachia inapandisha risasi nyingine chemba na wewe unaamini umeshaitoa.

*Kaka fundi, nimepata bastola ya mtumba kaliba (ukubwa wa risasi) .40, ilikuwa ya polisi, bei imeniacha mdomo wazi yaani karibu nusu ya 9mm ya kampuni hiyohiyo. Nje imechubuka sana. Je ni mbovu? Kuna kitu wananificha?*

Hawakufichi kitu kaka, ni historia ya kaliba yenyewe. .40 ilitoka 1990, na polisi wengi wa Marekani wakaikimbilia. Baadaye risasi za 9mm zikaboreshwa, na FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wakatoka hadharani 2014 wakieleza kwa nini wanarudi 9mm, vichwa vipya vinafanya kazi ileile, mshindo ni mdogo, watu wanalenga vizuri zaidi na magazini inabeba risasi nyingi. Idara nyingine zikafuata, na bastola zao za .40 zote zikamwagika sokoni kwa wakati mmoja. Bidhaa ikiwa nyingi na wanunuzi wanahamia kwingine bei inaanguka, haijalishi chuma ni kizuri kiasi gani.

Kuchubuka nje kusikutishe. Bastola ya polisi inabebwa kila siku ila inapigwa mara chache, siku za mafunzo tu. Mi ninayoiogopa ni ile inayong'aa nje na mwenyewe anakwambia haijapigwa. Waombe wakufungulie, uangalie ndani ya mtutu kwa tochi kama kuna mashimo ya kutu au uvimbe kama pete, uangalie ile kulabu inayovuta ganda, ncha yake iwe kali na isiwe imemeguka, na reli za slaidi zimelika sawasawa pande zote mbili. Uliza springi ya slaidi imebadilishwa lini, .40 inapiga slaidi kwa nguvu kuliko 9mm na springi inachoka mapema. Hata wakikwambia jana, mi ningeweka mpya. Ni kipuri cha bei ndogo na kinasahaulika sana.

Swali lako la kweli ni unainunua ufanye nini. Kama ni ya kukaa nayo na unavumilia mshindo wake, umepata. Kama unawaza kuiuza baada ya miaka miwili, kumbuka ile bei iliyokufurahisha kununua ndiyo utakayoambiwa wewe siku hiyo.

*Rivolva je? Naambiwa haikwami kamwe na ndo inatunza thamani.*

Rivolva inabeba risasi kwenye duara linalozunguka, haina magazini kwaiyo shida za magazini hainazo, hapo ni kweli. Risasi isipolipuka unafyatua tena na nyingine inakuja. Lakini rivolva ikikwama inakwama kweli, risasi ikitoa kichwa chake mbele kwa mshindo ule duara halizunguki, na uchafu ukiingia chini ya nyota inayosukuma maganda linabana halifungi. Hapo hakuna cha kuvuta ukaendelea, unatafuta fundi.

Thamani, mfano watu wanaoutaja ni Colt Python. Ilitoka 1955, wakaacha kuitengeneza 2005, bei za zilizobaki zikapanda kila mwaka mpaka Colt wakairudisha 2020. Ila zile za zamani zikipigwa sana duara linapoteza mpangilio wake na mtutu, na mafundi wa kulirudisha ni wachache. Kwaiyo ikiwa tupu na umehakikisha, inua kinyundo taratibu kwa kidole gumba tundu moja moja, duara liwe limeshajifunga kabla kinyundo hakijafika mwisho, yote sita. Likichelewa hata moja, bei ishuke au uondoke.

*Nikiacha magazini imejaa miezi sita springi inakufa?*

Hilo naulizwa kila siku. Hapana, springi ya magazini nzuri inachoshwa na kujazwa na kumwagwa mara nyingi, haichoshwi na kukaa imebanwa. Wasiwasi wangu uko kwenye risasi ya juu. Wale wanaotoa risasi chemba kila jioni na kuirudisha ileile kila asubuhi, kichwa chake kinagonga kila siku na kinazama ndani ya ganda kidogo kidogo, na kikizama presha inapanda siku ukiipiga. Iweke pembeni na risasi mpya kutoka boksini, zilinganishe urefu mezani. Ikiwa fupi hata kidogo usiipige, itenge na uipeleke kwa muuzaji mwenye kibali.