Philadelphia kwa siku mbili: anza na tiketi ya Independence Hall, hoteli ifuate

Mkuu, nimekuelewa hivi: mkutano wako Washington unaisha Alhamisi mchana, ndege ya kurudi Dar inaondokea JFK, New York, Jumapili usiku, uko na mama watoto na binti wa miaka 9, na Ijumaa na Jumamosi mnataka kuzimalizia Philadelphia. Kuna waliokushauri upite Philadelphia kwa saa chache tu ukielekea New York. Siafiki. Mji uko njiani kabisa, na sehemu yake ya kihistoria imebanana kiasi kwamba siku mbili zinatosha bila kukimbizana. Wanaorudi wakilalamika huwa wamekosea mpangilio: wamelipia hoteli kwanza, wakafika wakakuta tiketi za jengo walilolifuata zimekwisha.

Jengo lenyewe ni Independence Hall, Chestnut Street, kati ya 5th na 6th. Ukumbi wake wa mikutano ndimo Azimio la Uhuru lilimopitishwa mwaka 1776, na Katiba ya Marekani ikajadiliwa na kutiwa saini mwaka 1787. Kiingilio ni bure, lakini kwa kawaida kuanzia Machi hadi Desemba huingii bila tiketi yenye saa maalumu. Inakatwa kwenye tovuti ya recreation.gov kwa ada ya dola 1 kwa kila tiketi, na mtoto naye anahesabiwa. Kata tatu za Ijumaa, saa 4 asubuhi au karibu na hapo. Tovuti inaandika saa za kizungu, kwa hiyo 10:00 AM ndiyo saa 4 yetu. Hesabu vizuri usije ukachukua ya jioni. Ukikuta zimekwisha usikate tamaa, chungulia tena jioni ya kuamkia siku hiyo, kwani watu huahirisha na nafasi zikarudi. Ukishaipata, ndipo utafute hoteli.

Tiketi ya saa 4 haimaanishi ufike saa 4. Kabla ya jengo kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege, na foleni yake haijali tiketi yako ni ya saa ngapi. Fika nusu saa kabla, au dakika 45 kama ni majira ya joto. Masanduku ya safari hayapiti, na eneo la hifadhi halina pa kuyaweka. Yaacheni hotelini, beba kipochi kidogo tu. Ndani, mhifadhi anawaeleza kwa Kiingereza, kwa hiyo mtoto mwambieni habari yenyewe usiku uliotangulia. Mwonyesheni kiti alichokalia George Washington akiongoza mkutano wa Katiba, kimechongwa nusu jua kwenye egemeo lake. Mkitoka msikimbilie nje. Ubavuni, upande wa 6th Street, kuna Congress Hall, ambamo Bunge lilikaa kuanzia 1790 hadi 1800, Philadelphia ilipokuwa makao makuu ya nchi. Mmeshakaguliwa tayari, na wengi huipita bila kujua John Adams aliapishwa humo kuwa rais mwaka 1797.

Kengele ya Uhuru (Liberty Bell), ile ya kale yenye ufa, iko ng'ambo ya Chestnut, haihitaji tiketi, ila ina ukaguzi na foleni yake. Foleni ikiwa imezunguka jengo, kuna dirisha kubwa la kioo upande wa Chestnut: mnaiona kengele kutoka nje, hata usiku. Mkiingia, mpeni binti kazi mbili. Ya kwanza atafute jina la Pennsylvania kwenye maandishi ya shaba na aseme kuna kasoro gani (limeandikwa "Pensylvania", n moja imepungua). Ya pili autazame ule ufa kwa karibu. Uwazi mpana anaouona si ufa wa asili. Ni kazi ya mafundi waliopekecha mwaka 1846 ili kingo zisisuguane kengele ikipigwa. Alama za kekee bado zinaonekana. Baada ya matengenezo hayo ukatokea ufa mwingine, mwembamba kama uzi, ukapanda kuelekea juu, na huo ndio ulioinyamazisha moja kwa moja. Hadithi kwamba ililia tarehe 4 Julai 1776 ilitungwa karne ya 19. Jina la Kengele ya Uhuru lenyewe lilienezwa na wapinga utumwa katika miaka ya 1830, kwa sababu ya aya ya Mambo ya Walawi iliyoandikwa juu yake, inayotangaza uhuru.

Mkitoka hapo, kona ya 6th na Market, pana mabaki ya nyumba aliyoishi Washington akiwa rais. Misingi yake mnaiona chini kupitia kioo. Watumwa 9 waliishi humo, na mmoja wao, Ona Judge, alitoroka mwaka 1796 na hakukamatwa tena. Mwambieni binti habari hiyo papo hapo, hatua chache kutoka kwenye kengele. Ng'ambo ya Market ni kituo cha wageni, na hapo kuna vyoo safi vya bure. Vitumieni, kwani vyoo vya umma mjini ni vya kutafuta kwa tochi.

Mchana huohuo wa Ijumaa nendeni kona ya 5th na Arch. Hapo kuna kiwanda cha sarafu cha serikali, ziara bure, unatazama mashine kutoka juu. Nimekupangia Ijumaa kwa makusudi: hufunguliwa siku za kazi, na Jumamosi kwa kawaida kimefungwa. Kupiga picha ndani ni marufuku, na watu wazima wawe na kitambulisho, pasipoti inatosha. Senti moja ya mwisho kwa matumizi ya kawaida iligongwa humo Novemba 2025. Ng'ambo ya barabara ni makaburi ya Christ Church alikozikwa Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, mwaka 1790. Watu hurusha senti juu ya kaburi lake, na jiwe limepata madhara kwa mchezo huo. Kuingia kuna kiingilio kidogo, lakini kaburi linaonekana kutoka barabarani kupitia uzio, kwa hiyo asiyetaka kulipa halipi.

Jua likipungua, shukeni Arch hadi karibu na 2nd Street, mwone Elfreth's Alley: kichochoro cha mawe chenye nyumba 32 za matofali za tangu miaka ya 1720 hadi 1830, na watu wanaishi humo mpaka leo. Kupita ni bure. Msichungulie madirishani.

Jumamosi ni ya upande wa magharibi. Anzeni Reading Terminal Market, 12th na Arch, soko la ndani lililofunguliwa mwaka 1893. Fikeni kabla ya saa 5 asubuhi, baada ya hapo hata pa kuweka sahani hakuna. Wachuuzi wa jamii ya Amish (Wakristo wa mashambani wanaoishi kwa mila za zamani), wenye vyakula vya shambani na maandazi yao yanayopikwa mbele yako, hawauzi Jumapili, kwa hiyo usiisogeze siku. Kwa wasiokula nguruwe: scrapple (mabaki ya nyama yaliyopikwa na unga) ni nguruwe, na sandwichi nyingi maarufu za sokoni ni nguruwe. Sandwichi ya mji ni cheesesteak, nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba na kuyeyushiwa jibini. Mji una Waislamu wengi, na sehemu zinazouza cheesesteak ya halali zipo. Tafuta kwenye ramani ya simu kwa neno halal. Ukifika dirishani taja jibini unayotaka na kama unataka kitunguu, basi. Moja inawatosha watu wawili. Soda itakushangaza bei, mji una kodi yake ya vinywaji vyenye sukari tangu 2017.

Kutoka sokoni ni hatua chache hadi City Hall, yenye sanamu ya William Penn, mwanzilishi wa mji, juu ya mnara wa mita 167. Piteni uani, kisha mfuate Benjamin Franklin Parkway, kama kilomita moja na nusu. Njiani chagueni kimoja. Franklin Institute ni makumbusho ya sayansi yenye moyo mkubwa ambao mtoto anatembea ndani yake. Eastern State Penitentiary ni gereza la mwaka 1829 lililobuniwa kwa kifungo cha upweke, na jambazi maarufu Al Capone alikaa humo. Kwa miaka 9, mimi ningechagua moyo. Vyote viwili vina kiingilio, na kuvichanganya siku moja ni kumchosha mtoto bure. Mwisho wa Parkway kuna ngazi 72 za makumbusho ya sanaa, zile za Rocky, bondia wa kwenye sinema. Kupanda ni bure.

Malazi: laleni Old City au karibu na City Hall, mtembee kwa miguu. Bei mnayoiona mtandaoni haijaongezwa kodi ya hoteli, ambayo inazidi asilimia 15. Na mapokezi watazuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana. Kwa kadi ya kawaida ya benki za nyumbani hela hiyo inaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kurudi, kwa hiyo usije na salio la kubana. Mgahawani, bakshishi ni asilimia 18 hadi 20. Angalia kwanza kama hawajaiweka kwenye bili.

Mitaa haisumbui. Ilipangwa kwa ajili ya Penn mwaka 1682: yenye namba inahesabiwa kutoka mto Delaware kwenda magharibi, na Broad Street imekaa mahali pa 14th. Jengo namba 520 Chestnut liko kati ya 5th na 6th.

Usafiri: Alhamisi jioni chukueni treni ya Amtrak kutoka Union Station ya Washington hadi kituo cha 30th Street, Philadelphia, chini kidogo ya saa mbili. Bei hupanda kadiri tarehe inavyokaribia, kata sasa. Basi ni la bei nafuu zaidi, ila jioni barabara ya I-95 hujaa. Mkishuka, vukeni barabara mpande treni ya mjini iitwayo L kuelekea mashariki; 5th Street ni kituo cha tano. Unagusisha kadi ya benki, nauli karibu dola 3 kwa mtu mzima. Msipitilize hadi Kensington au Allegheny. Kule madawa yameharibu mitaa na mtalii hana cha kufanya.

Jumapili asubuhi acheni mizigo hotelini mtembee hadi Mother Bethel, 6th na Lombard, kanisa lililoanzishwa mwaka 1794 na Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa. Kama mnataka na makumbusho yake ya chini, pigeni simu mapema. Kisha saa 7 mchana muwe 30th Street. Treni hadi Penn Station ya New York ni saa moja na nusu hivi. Hapo mnapanda treni ya LIRR hadi kituo cha Jamaica, halafu AirTrain, treni ya uwanja wa ndege, hadi jengo lenu la abiria. Kuna njia ya bei poa, treni ya SEPTA (shirika la usafiri la Philadelphia) hadi Trenton kisha ya NJ Transit (la jimbo la New Jersey), lakini kwa mtoto, masanduku na ndege ya usiku huohuo, lipa Amtrak.