Jibu: Msimweke huyo binti kwenye bango, hata mkiziba sura

Mleta uzi, kabla hujalipia hilo bango, simama kwanza. Umesema shule yenu huko Mara inaandaa Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi, mnataka wanafunzi waone mfano wa wanawake na mabinti jasiri, na kwamba mwanafunzi wenu wa kidato cha pili aliyekimbia ukeketaji Desemba atawekwa picha yake "sura ikiwa imezibwa". Umeuliza na mengine, ukubwa wa bango, mgeni rasmi, ratiba. Mimi nashika hili la sura, maana nililifanya na mtoto wa watu akaumia.

Nilikuwa mwalimu wa malezi kwenye sekondari moja ya bweni wilayani Tarime. Binti mmoja alitoroka kwao usiku wa Desemba, ngariba akiwa ameshafika kijijini. Alitembea hadi kukapambazuka, akapokelewa nyumba salama, kituo kinachohifadhi mabinti waliokimbia ukeketaji, na Januari akaletwa kwetu. Alikuja na sweta la kijani lililotoboka kiwiko, limetiwa kiraka cha bluu kwa uzi mweupe. Hakuwa na sweta lingine.

Machi akaja mwezeshaji wa shirika moja. Akatuambia watu hawaguswi na hotuba, wanaguswa na mtu. Nikamwuliza vipi usalama wake? "Mwalimu, tunafifisha uso, hakuna atakayemjua." Alisema kwa uhakika wa mtu aliyeifanya kazi hiyo mara mia, nami nikamwamini. Nikamwita binti, nikamwuliza kama anaridhia. Akajibu, "Sawa, mwalimu." Nikajaza fomu kwamba ameridhia.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndipo unapoelekea wewe. Mtoto anakula kwako, analala kwako, na usipomfungulia geti hana pa kwenda. Atakukatalia vipi? Ile "sawa" aliyonipa ilikuwa adabu, wala haikuwa ruhusa.

Bango likatundikwa. Mwezeshaji akairusha picha kwenye magrupu ya WhatsApp, na chini yake akaweka maelezo ambayo mimi mwenyewe niliyapitia: kwamba shujaa wetu alifunguliwa mlango na mama yake saa nane za usiku. Niliona ni maneno mazuri.

Haikufika wiki. Baba yake mdogo akaja getini na wanaume wawili, simu mkononi. Hakushughulika na uso. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akamwonyesha mlinzi kiwiko. "Hiki kiraka kashona shemeji yangu. Mtoto wetu yuko humu."

Hatukumtoa, polisi wa dawati la jinsia walifika. Ukeketaji wa mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya 1998, na hilo wale wazee wanalijua vizuri. Lakini nyumbani kule hakukuwa na mlinzi wala geti. Tangu Desemba mama alikuwa akiapa kwamba hajui mtoto alivyotoka. Maelezo yetu yakamuumbua. Alipigwa, akafukuzwa na mtoto mdogo mgongoni, akarudi kwao. Mwanamke jasiri kuliko wote katika habari hii, sisi ndio tuliomchongea.

Binti alipopata taarifa hakulia. Alivua lile sweta, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza yangu. Akahamishiwa mkoa mwingine, akapoteza muhula mzima.

Nilimpigia yule mwezeshaji. Akasema wataiondoa kwenye ukurasa wao. Kuiondoa! Picha iko kwenye simu za ukoo mzima, yeye anazungumzia ukurasa! Alipata ripoti yake yenye picha, akaenda wilaya nyingine kufundisha hayo hayo. Mpaka leo jambo hili linanichoma.

Kwa hiyo shika hili: mtoto ambaye bado anaishi chini ya ulinzi wako hawi mfano wa hadhara. Si uso wake, si sauti yake, si nguo zake, si kisa chake hata ukibadilisha jina. Akishakuwa mtu mzima, anajitegemea, akataka kusimama mwenyewe, mpe kipaza sauti.

Wanafunzi wako hawatakosa mfano. Waambie habari za Rebeca Gyumi, aliyekwenda Mahakama Kuu kwa jina lake mwenyewe kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Alishinda 2016, Serikali ikakata rufaa, na 2019 Mahakama ya Rufani ikampa tena ushindi. Waambie habari za Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma wa Dar es Salaam, ambaye 1955 alianza kuwaingiza wanawake TANU kupitia vikundi vyao vya ngoma. Hao walipanda jukwaani kwa miguu yao, watu wazima, wakijua nani atawachukia.

Binti wenu siku hiyo akae katikati ya wenzake, sare kama wao, asikilize kama wao. Mgeni rasmi asiambiwe yuko safu gani.

Kama bango limeshachapwa, nenda kalichukue leo. Kama picha imeshaingia kwenye grupu la wazazi, usingoje Jumatatu: wapigie nyumba salama sasa hivi, na uwaulize mama yake yuko wapi.