Pointa za fankisheni katika lugha ya C: mabano yanavyowaponza

Safari hii nimekusanya maswali ya aina moja: pointa, yaani kigeu kinachobeba anwani ya fankisheni, ipewe vipi thamani.

Shikamoo mwalimu. Natengeneza programu ya mizani ya parachichi. `bei` ni pointa, `daraja1` ni fankisheni ya kupiga bei. Nimeandika `bei = daraja1(kilo);` kompaila (programu inayotafsiri msimbo) ikatoa onyo. Nimekosea wapi? (Njombe)

Marahaba. Ni hayo mabano. Ukiyaweka, umeshaiita fankisheni, na jibu lake ndilo unalolisukumiza kwenye pointa. Tuseme jibu limetoka 2400: ukija kuita `bei(kilo)`, programu itarukia anwani 2400 kutafuta maagizo, na itaanguka papo hapo. Andika `bei = daraja1;` tu. Kuiita ni baadaye, kreti ikishapanda kwenye mizani. Kompaila ya GCC toleo la 14, la mwaka 2024, haitoi onyo tena hapo. Inakataa kabisa, na inafanya vizuri.

Kagua na tangazo lenyewe: `int (*bei)(int);`. Ukiondoa mabano yanayozunguka nyota, umetangaza fankisheni inayorudisha pointa. Hapo hakuna kigeu cha kupewa chochote.

Ninapoipa pointa thamani, niandike `&daraja1` au `daraja1`? (Tukuyu)

Yoyote. Matokeo ni yaleyale.

Fankisheni yangu ya bei ya viazi inapokea `double` (namba yenye desimali), pointa inataka `int` (namba kamili). Nimebadilisha aina ya pointa kwa nguvu (cast), onyo likaisha. Niko salama? (Uyole, Mbeya)

Hauko salama hata kidogo. Umemziba mlinzi mdomo. Kubadilisha aina kunaruhusiwa, lakini kuiita fankisheni kupitia aina isiyolingana nayo, kanuni za C hazikuhakikishii lolote. Kwenye Linux ya biti 64 kwa prosesa za Intel, `int` hupitia rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) za kawaida na `double` hupitia rejista nyingine, za XMM. Wewe unaweka kilo huku, fankisheni inasoma kule, inakuta masalia ya hesabu nyingine. Mkulima analipwa bei ya ajabu na hakuna onyo lolote. Andika fankisheni ndogo ya katikati inayopokea `int`, ndiyo iite ile ya `double`.

Programu inazimika mtumiaji asipochagua daraja. (Mafinga)

Pointa iliyotangazwa ndani ya fankisheni huanza na takataka. Ya nje huanza na NULL, yaani anwani tupu. Ukiiita kabla ya kuipa thamani, zote mbili zitakuangusha. Wengi huweka `if (bei)` kila mahali. Mimi huipa tangu mwanzo fankisheni ya akiba inayoandika "Chagua daraja kwanza" na kurudisha 0.