Seli "inajikula" au "inajila"?

SWALI: Natafsiri makala ya afya. Niliandika, "Virusi vya korona huzuia seli kujikula." Mhariri akafuta "kujikula", akaweka "kujiua". Nani yuko sahihi?

JIBU: "Kujiua" kuondoke kabisa. Seli inayojiua inakufa. Seli unayoisema wewe inakula sehemu zake zilizochakaa ili iendelee kuishi. Mbelgiji Christian de Duve alipolipa jambo hili jina mwaka 1963, alichukua maneno ya Kigiriki yenye maana ya kujila, nasi tukapata otofajia. Kitenzi chako ni chenyewe, umbo ndilo limepotoka.

Mizizi ya silabi moja kama -la na -nywa huhitaji ku- pale tu ambapo kiambishi kilichotangulia hakiwezi kubeba mkazo. Viambishi -na- na -me- haviwezi, ndiyo maana tunasema "amekula ugali". Ukiingiza kiambishi cha mtendwa, chenyewe hubeba mkazo na ku- hutoka: "ameula", si "ameukula". Kirejeshi -ji- ni vivyo hivyo: seli inajila, imejila, itajila.

Ila neno linalonisumbua zaidi katika sentensi yako ni "huzuia". Seli inapojila, utando huchipuka na kuufunga mzigo, yaani kile kitakacholiwa, ndani ya kifuko chenye tando mbili. Kifuko hicho huungana na lisosomu, mfuko wa seli wenye vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo huusaga mzigo. Mzigo waweza kuwa kirusi chenyewe, kwa hiyo virusi vingi vina mbinu zake, na kila mbinu ina kitenzi chake. Virusi vya hepesi aina ya kwanza huzuia kweli: protini yao ICP34.5 huishika Beklini 1, protini ya seli inayohitajika kuanzisha kifuko, na kifuko kinashindwa kuanza. Vya polio huvitumia vifuko hivyo kama chombo cha kutokea nje ya seli bila kuipasua.

Vya korona vilivyoleta UVIKO-19 hukwamisha. Protini yao ORF3a huzuia kifuko kuungana na lisosomu. Vifuko vinaundwa, vinajaa, vinarundikana. Ukiandika "huzuia seli kujila", msomaji atadhani hakuna hata kifuko kimoja kilichoundwa. Andika: "Virusi vya korona huiacha seli ianze kujila, kisha huikwamisha kabla haijameng'enya ilichokifunga."